Maswali Mia Moja Saa Kumi Alfajiri

Kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba 2023, simu yangu ililia saa kumi alfajiri siku nne kwa wiki, na kila ilipolia ilinikuta nimekwisha kuamka. Hapa Kibirizi, Kigoma, saa hizo bado ni giza. Usiku usio na mbalamwezi huonekana taa za wavuvi wa dagaa mbali ziwani, na ndani ya nyumba husikika mama yangu akipepea jiko la mkaa kwa ajili ya chai. Aliyekuwa akipiga ni mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye anaishi Louisville katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Kwake ilikuwa saa tatu usiku wa siku iliyotangulia. Amerudi kutoka kazini, amekula, amevua viatu, na daftari liko mapajani. Tulikuwa tukijiandaa kwa mtihani wake wa uraia wa Marekani.

Ninaandika haya kwa sababu watu wa Kigoma tuna ndugu wengi walioko huko, wengi wao wakiwa wamepitia kambi za wakimbizi za mkoa huu, na haupiti mwezi bila mtu kuniomba nimtumie yale maswali. Nimeyatuma mara nyingi. Lakini nimeona kwamba kumpa mtu orodha ya maswali bila kumweleza kilichotusumbua sisi ni kumnyima sehemu kubwa ya msaada, kwa maana maswali yale mia moja, ambayo kila mtu anayaogopa, hayakuwa ndiyo magumu.

Mama mdogo alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Fizi nchini Kongo, na alivuka kuja huku mwaka 1996 vita vilipofika kwao. Wakati huo mama yangu alikuwa amekwisha kuolewa Kigoma miaka mingi. Dada mmoja akawa mwenyeji, mwingine akawa mkimbizi katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, na kwa miaka ishirini walionana kwa nadra na kwa vibali, ingawa safari kati yao haikuwa hata ya siku nzima. Mwaka 2016 akahamishiwa Marekani pamoja na watoto wake. Kwa sheria za huko, mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya kukaa mwaka mmoja, na ile miaka mitano inayotakiwa kabla ya kuomba uraia huhesabiwa tangu siku aliyoingia nchini. Kwa hiyo yeye alistahili kuomba tangu mwaka 2021. Alichelewa miaka miwili kwa sababu moja tu, nayo ni woga wa Kiingereza. Aliishia darasa la nne, Kiswahili anakisoma polepole, na Kiingereza alikuwa amekiokota kazini, ambako anafua na kukunja mashuka ya hoteli.

Watu walimwambia kwamba wazee husamehewa Kiingereza, na jambo hilo ni la kweli nusu. Msamaha huo unatazama umri pamoja na miaka ya ukaazi wa kudumu: mtu mwenye miaka 50 au zaidi awe na miaka 20 ya ukaazi huo, au mwenye miaka 55 au zaidi awe na miaka 15. Hao hufanya usaili kwa lugha yao. Aliyefikisha miaka 65 na ukaazi wa miaka 20 hupunguziwa hata maswali ya uraia, akasoma 20 tu. Mama mdogo alikuwa na miaka 58 ya umri na saba ya kuishi huko, kwa hiyo hakuguswa na msamaha wowote. Upo pia msamaha wa maradhi au ulemavu unaomzuia mtu kujifunza, ambao hujazwa na daktari katika fomu yake maalumu, lakini yeye alikuwa mzima wa afya, akili timamu, na kwa kweli ana kumbukumbu kuliko mimi.

Mtihani wenyewe haufanani na mitihani ya kwetu yenye ukumbi na karatasi za majibu. Mwombaji huitwa ofisini, akakaa mbele ya afisa mmoja, akaapa kusema kweli, kisha wakaanza kuzungumza. Afisa humpa sentensi za Kiingereza asome, na akiisoma vizuri moja kati ya tatu amefaulu. Humsomea sentensi aandike, na hapo pia moja kati ya tatu inatosha. Katika yale maswali mia moja ya historia na serikali, wakati huo afisa aliuliza hadi kumi, na mwombaji akipata sita alikuwa amefaulu na maswali yalikoma papo hapo. Sehemu ya kuzungumza ndiyo haina orodha, kwa sababu afisa huipima kwa kupitia fomu ya maombi, iitwayo N-400, ukurasa kwa ukurasa, akiuliza juu ya yale ambayo mwombaji mwenyewe aliyajibu. Anayeanguka sehemu yoyote huitwa tena baada ya siku 60 hadi 90 kurudia ile sehemu aliyoanguka.

Nilianza vibaya. Nimefundisha somo la Uraia katika sekondari kwa miaka kumi na minane, nikaamini kwamba kazi hii ni ile ile ya kila siku, yaani kuandika ubaoni na kukaririsha. Kwa wiki tatu nilimsomea maswali kwa Kiingereza changu cha darasani, naye akayajibu yote tuliyokuwa tumefika bila kukosea. Siku moja nikamwomba mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, aliyekulia huko, amsomee maswali yale yale. Mama mdogo alinyamaza. Neno la uraia nililomfundisha mimi lilikuwa na silabi za Kiswahili, kila irabu imetamkwa kwa ukamilifu wake. Katika kinywa cha mtoto yule lilipita kama upepo, na mama mdogo hakulitambua kabisa. Tangu siku hiyo tuligawana kazi. Mjukuu akawa sauti ya afisa, anasoma kwa mwendo wa watu wa Kentucky. Mimi nikabaki na maana, ninaeleza kwa Kiswahili mpaka jambo likae, ndipo tunarudi kwenye maneno matatu au manne ya Kiingereza yanayotosha kuwa jibu.

Maana ndiyo iliyomtoa. Swali la mji mkuu wa jimbo lilimchanganya kwa sababu yeye anaishi Louisville, mji mkubwa kuliko yote Kentucky, na jibu sahihi ni Frankfort, mji mdogo ambao hajawahi kufika. Nikamuuliza mji mkuu wa Tanzania. Akacheka, akasema, "Dodoma, mwanangu, hilo tulifundishwa kambini, ingawa wote wanataka kwenda Dar es Salaam." Hakuikosa Frankfort tena. Gavana alimwelewa kwanza kama mkuu wa mkoa, na hapo ilinibidi kusimama kwa muda mrefu, kwa sababu mkuu wa mkoa kwetu huteuliwa na Rais, ilhali gavana huchaguliwa na watu wa jimbo lake na Rais hawezi kumwondoa. Nilimpa mfano wa Zanzibar, yenye Rais wake na Baraza la Wawakilishi lake, na yenye mambo yake yasiyo ya Muungano. Halafu tukaja kwenye maswali yanayouliza ni mamlaka gani ni ya serikali kuu na yapi ni ya majimbo. Kuchapa fedha, kutangaza vita, kuunda jeshi na kufanya mikataba na mataifa ni ya serikali kuu, kama vile sarafu, ulinzi na mambo ya nje yalivyo ya Muungano kwetu. Shule, polisi na leseni ya udereva ni ya jimbo. Alikuwa na leseni ya Kentucky kwenye mkoba. Nikamwambia aitoe asome jina lililoandikwa juu, na swali likawa limejijibu.

Hesabu nazo tulizitafutia njia. Maseneta 100 hawakaririwi, wanahesabiwa: majimbo ni 50, kila jimbo hupeleka wawili. Seneta hukaa miaka sita, mwakilishi miwili, Rais minne, na majaji wa Mahakama ya Juu ni tisa. Marekebisho ya katiba ni 27, na kifungua mimba wake alizaliwa tarehe 27, kwa hiyo hilo lilipita bila jasho. Wawakilishi 435 ndio waliokuwa wagumu, kwa sababu namba hiyo haishikani na kitu chochote. Alikuwa akiitaja kwa sauti kila anapokunja shuka.

Kuna asubuhi moja tuliyofika kwenye swali linalouliza ni kitu gani kinachozuia mhimili mmoja wa serikali usipate nguvu kupita kiasi. Nilieleza Bunge, Serikali na Mahakama kwa maneno mengi ya kitabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mwalimu, mimi nimepika Nyarugusu miaka ishirini juu ya mafiga matatu. Figa moja likipanda juu ya wenzake, chungu kinamwagika. Si hivyo tu?" Ni hivyo tu, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamefundishwa kwa mfano huo tangu mwaka ule, nami huwaambia umetoka kwa nani.

Swali la sitini nililifikia nikiwa sijajiandaa. Linauliza ni watu gani waliochukuliwa kupelekwa Amerika wakauzwa kuwa watumwa, na jibu ni Waafrika. Mjukuu alilisoma kama alivyosoma mengine yote. Mama mdogo akauliza kwa Kiswahili, "Hawa ni wale wa Ujiji?" Nikamweleza kwamba misafara iliyopita Ujiji na Tabora ilielekea Bagamoyo, ikavushwa Zanzibar na kuendelea katika nchi za Bahari ya Hindi, na kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, ilhali waliopelekwa Amerika walitoka zaidi pwani ya magharibi, na wengi wao walipakiwa melini karibu na mahali Mto Kongo unapoingia baharini, yaani mwisho mwingine wa nchi yake yeye mwenyewe. Akanyamaza. Baadaye akaniomba nimweleze Rais Lincoln wa Marekani tena, tangu mwanzo, pamoja na lile tangazo lake la kuwaachia huru watumwa na vita vilivyolizunguka, ingawa alikwisha kulipata swali hilo siku nyingi. Tulitumia asubuhi mbili kwa jambo lisilozidi maswali manne katika orodha, na sijutii hata dakika moja, kwa sababu tangu hapo aliacha kuyaita yale "maswali yao".

Katika kuandika, shida yake ilikuwa Kiswahili. Miezi hutokea mara kwa mara katika sentensi za kuandika, naye akisikia jina la mwezi mkono wake huandika "Novemba" na "Februari" kama tuandikavyo sisi. Makosa madogo ya herufi huvumiliwa ikiwa maana haipotei, na nilimweleza hivyo ili apunguze hofu, lakini hakutaka kuvumiliwa. Alikata kalenda ya ukutani, akabandika miezi saba inayotumika katika mtihani juu ya kioo cha bafuni.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa Septemba, alipokuwa hakosi hata swali moja kati ya mia, nilimwomba binti yake anitumie picha za ile fomu ya N-400, nikaanza kuwa afisa. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama amewahi kudai kwamba yeye ni raia wa Marekani. Akajibu kwa adabu kabisa: "Yes." Nikamuuliza kama amewahi kuandikishwa au kupiga kura Marekani. "Yes." Kama amewahi kuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti. "Yes." Kama amewahi kumtesa mtu. "Yes, sir." Nilikata simu, nikampigia tena nikiwa nimetulia, nikamuuliza kwa Kiswahili maswali yale yale, akashtuka: "Mungu wangu! Mimi nimtese nani?"

Hakuwa ameelewa hata moja. Alikuwa akikubali kwa sababu aliyekuwa akiuliza ni afisa. Anayeishi Kigoma ataelewa ninachosema bila maelezo marefu. Huu ni mkoa wa mpakani. Wengi wetu tumewahi kushushwa kwenye basi katika kizuizi, tukaulizwa tulikozaliwa, alikozaliwa babu, na jina la mwenyekiti wa kitongoji, na tumejifunza kwamba mtu anayebisha au anayesema hajaelewa swali hubaki barabarani basi likiondoka. Nilipokuwa kijana nilibaki barabarani mara moja, kati ya Kasulu na Kibondo, kwa kosa la kuuliza swali lilikuwa na maana gani. Mtu aliyeishi kambini miaka ishirini amejifunza somo hilo mara mia zaidi: mbele ya meza yenye karatasi, inamisha kichwa, sema ndiyo, chukua muhuri wako uondoke. Adabu hiyo ndiyo iliyomlinda Nyarugusu, na adabu hiyo hiyo ingemwangamiza Louisville, kwa sababu asiye raia akikiri mbele ya afisa kwamba amewahi kujiita raia au kupiga kura, ombi lake linaweza kukataliwa na hata ukaazi wake ukaingia hatarini.

Kwa hiyo wiki nane za mwisho hatukugusa sana maswali mia moja. Tulijifunza kusema hapana, na kusema sijaelewa. Sentensi ilikuwa moja, ya maneno sita ya Kiingereza, kumwomba afisa alirudie swali kwa sababu hajalielewa, na nilimtaka aiseme akiwa amenyoosha mgongo na kumtazama anayemuuliza, maana binti yake aliniambia kwamba alikuwa akiisema huku ametazama sakafu. Hilo lilimwia gumu kuliko wawakilishi 435. Aliniambia, "Mwanangu, nikimwambia mkubwa sijaelewa, si nitakuwa nimemwambia hajui kusema?" Nilimjibu kwamba kwa sheria za kule afisa anaruhusiwa kulirudia swali na kulieleza kwa maneno mengine, kwamba hiyo ni sehemu ya kazi yake, na kwamba anayeomba kurudiwa anaonyesha kuwa anakifahamu Kiingereza kiasi cha kujua alichokikosa. Sijui kama maneno hayo yalimshawishi. Kilichomshawishi ni mazoezi. Mjukuu alikuwa akibuni maswali yasiyo na maana yoyote, anayatamka kwa sauti nzito, na bibi alitakiwa kuyasimamisha. Mara ya kwanza aliyasimamisha mawili kati ya kumi. Mwisho wa Oktoba hakuna lililopita.

Maneno ya fomu tulitengeneza orodha yake peke yake: kutesa, kudai, kuangamiza jamii, mlevi wa kupindukia, kiapo, utii, kubeba silaha. Kwa kila neno tuliandika Kiswahili chake na mfano mmoja wa mtu tunayemfahamu sote, akiwemo jirani yetu mmoja wa zamani katika lile la mlevi.

Mwezi huo huo wa Oktoba jibu moja lilituponyoka mikononi. Swali la 47 linataka jina la Spika wa Baraza la Wawakilishi, naye alikuwa amelishika jina la Kevin McCarthy tangu Mei. Tarehe 3 Oktoba wawakilishi wakamwondoa Spika huyo kwa kura, na kwa wiki tatu kiti kikawa hakina mwenyewe. Mama mdogo alinipigia akiwa na hofu kwamba mtihani umeharibika. Nilimkumbusha kwamba hata sisi tulimwona Spika wetu akijiuzulu Januari 2022 na mwingine akachaguliwa mwezi uliofuata, na kwamba jibu linalotakiwa ni la anayeshika nafasi siku ya usaili. Tarehe 25 Oktoba akachaguliwa Mike Johnson, jina jepesi zaidi kinywani mwake, akafurahi. Gavana naye alikuwa kwenye uchaguzi tarehe 7 Novemba, wiki moja tu kabla ya usaili, na tulikesha tukisubiri, kwa kuwa mama mdogo alikuwa amekwisha kuzoea kutamka jina la Andy Beshear. Alirudishwa madarakani.

Jambo la mwisho lililobaki lilikuwa kiapo. Katika fomu mwombaji huulizwa kama anaelewa kiapo kizima na kama yuko tayari kukila, na afisa anaweza kumtaka aeleze maana yake. Kiapo hicho kinamtaka mtu akane kabisa utii wake kwa mfalme, mtawala au dola yoyote ya kigeni ambayo alikuwa raia wake. Nilimfasiria neno kwa neno. Aliniuliza kama hapo anamkana mama yake, ambaye kaburi lake liko Fizi, na ambalo hajaliona tangu 1996. Niliona vibaya kumjibu harakaharaka. Nilimwambia kwamba kiapo kinazungumzia utii kwa dola, wala hakigusi nasaba, lugha, wala makaburi. Lakini sikumficha kwamba katiba ya Kongo inasema uraia wa nchi hiyo ni mmoja na hauchanganyiki na mwingine, kwa hiyo siku akiapa atakuwa amefunga mlango mmoja kisheria, na akitaka kwenda kulizuru kaburi hilo atakwenda kama mgeni mwenye viza. Alisema atanijibu kesho. Kesho yake hakupiga simu kwangu, alipiga kwa mama. Walizungumza kwa Kibembe kwa zaidi ya saa nzima, mama akiwa amekaa kwenye kigoda na chai imepoa, na walipomaliza mama alinirudishia simu akaniambia, "Endeleeni."

Siku ya usaili, katikati ya Novemba, saa za kule zilikuwa zimekwisha kurudishwa nyuma, kwa hiyo simu ilikuwa ikilia saa kumi na moja badala ya saa kumi. Alfajiri hiyo haikulia. Ililia usiku, mimi nikiwa mezani. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Maswali ya uraia alimuuliza sita, akapata sita, afisa akafunga karatasi. Alisoma sentensi moja, akaandika moja, na mwezi uliokuwemo aliuandika kwa tahajia yao. Lakini aliponisimulia hayo yote aliyapita mbio. Alichotaka nikisikie ni kwamba katika kupitia fomu alimsimamisha afisa mara tatu, na kwamba mara ya tatu afisa alitabasamu, akaliweka swali kwa maneno mengine, akasubiri. "Nilimtazama usoni," alisema. Alirudia maneno hayo kwa mama pia.

Kwa mnaojiandaa sasa, jueni kwamba mambo yamebadilika. Waliopeleka fomu kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 hufanya mtihani mpya wenye orodha ya maswali 128. Afisa huuliza hadi 20, na kufaulu ni kupata 12. Yapo mengine yanayofanana na yale ya zamani na yapo mapya, kwa hiyo msisome daftari la ndugu aliyetangulia bila kuangalia tarehe ya fomu yenu. Ada nayo imebadilika. Mama mdogo alilipa dola 725, gharama za alama za vidole zikiwemo, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe, jambo ambalo yeye hakulijua mpaka alipokwisha kulipa. Na kama mtu amewahi kweli kuandikishwa kupiga kura kwa kutokujua, kama inavyotokea kwa wanaosaini karatasi wasizozielewa, amwone mwanasheria kabla ya kupeleka fomu, wala asitegemee mwalimu wa Kibirizi.

Mwaka uliofuata, alfajiri ya tarehe 6 Novemba 2024, simu ililia tena saa kumi na moja. Nilishtuka, kwa kuwa siku hizi tunazungumza mchana wa Jumapili. Kule ilikuwa bado usiku wa Jumanne ya tarehe 5, siku ya uchaguzi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwalimu, hebu kuwa afisa kidogo. Niulize lile la kura."

Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama tulivyokuwa tukifanya, kama amewahi kupiga kura nchini Marekani.

"Yes," akasema.